Picha Iliyokataa Kutoka

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Mimi si mlevi, wala sijawahi kukanyaga kwa mganga. Haya niliyaona kwa macho yangu haya, saa saba mchana, jua la Mwakitolyo likichoma mabati.

Kazi yangu ni kuandikisha wachimbaji kwenye duara letu, yaani shimo la dhahabu. Zamani ilikuwa daftari, siku hizi ni simu. Mchimbaji akija nampiga picha, picha inapanda mtandaoni, inahifadhiwa huko wanakokuita mawinguni, halafu sura yake inatokea kwenye orodha ya walio ndani. Akitoka, naibonyeza, inaondoka. Shimo likititia, orodha hiyo ndiyo inayosema nani afukuliwe. Machimboni watu wanaitana kwa majina ya utani tu. Bila sura, utamtafuta nani?

Sasa sikia kosa langu. Mtandao wetu ulikuwa ukikata kila siku kuanzia mchana, nami nikazoea kuwatoa watu kwenye orodha mapema, wakiwa bado chini. Si watatoka tu? Siku hiyo walikuwa tisa, na mmoja wao ni Masanja, mdogo wangu wa tumbo moja. Nikawafuta wote, nikafunua ugali wangu.

Mtu akasimama dirishani. Kalowa matope mwili mzima, na kilikuwa kiangazi, mvua tumeisahau. Simjui.

"Dada, mbona umenitoa na mimi niko ndani?"

"Kaka, kama umelewa kalale. Aliye ndani anasimamaje hapa?"

"Angalia simu."

Nikaangalia ili nimuumbue. Jamani! Orodha niliyoifuta ilikuwa na picha moja. Kwanza kisanduku cha kijivu tu, kisha ikaanza kufunguka polepole kutoka juu, maana mtandao ulikuwa dhaifu. Kofia. Paji la uso. Macho. Ni yeye! Lakini mimi kila mtu nampigia picha kwenye ukuta wangu wa mabati ya bluu, na nyuma yake hapakuwa na bluu. Palikuwa na giza na matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta za shimo, mawili yamepasuka. Picha ikamalizikia chini. Pembeni kulikuwa na mkono umeshika sururu, umevaa bangili ya shaba ambayo mama alimvisha Masanja.

Nilipoinua macho, dirishani hapakuwa na mtu. Matope tu yalikuwa yanachuruzika ukutani.

Niamini, sijui nilifikaje kwenye mdomo wa shimo. Nilipiga filimbi ya hatari mpaka pumzi ikaniishia. Baba Kulwa, msimamizi wetu, akaja na simu yake mkononi, anafoka, akiniita mama kwa Kisukuma: "Mayu, una wazimu? Orodha inasema hakuna mtu ndani!"

Maneno hayo yalinikata maini. "Inasema uongo! Niliwafuta mimi! Masanja yuko chini!"

Wakapanda mmoja mmoja, wananitukana. Masanja alikuwa wa mwisho. Hajafuta hata jasho, shimo likanguruma, likajifukia.

Nilimwonyesha Baba Kulwa ile picha. Akakaa chini palepale kwenye vumbi. Alimfahamu. Ni kijana aliyefukiwa kwenye shimo la zamani lililokuwa jirani na letu, enzi za daftari. Hakuna aliyechimba kumtafuta, kwa sababu daftari lilionyesha kwamba ameshatoka.

"Mwandikishaji alikuwa nani?" nikamuuliza.

"Mimi," akasema. "Nilimtia alama mapema nikaenda kula."

Tangu siku hiyo nimebadilisha simu mara mbili. Kila asubuhi nikifungua orodha, anatangulia yeye, kabla ya walio hai. Picha yake siifuti tena. Jina lake la kwao hatulijui, na mama yake sijui anamsubiri wapi. Nawe uliyekabidhiwa orodha ya watu, hata iwe ya shule au ya safari, nakuomba: usimtoe mtu ambaye hujamwona akitoka. Mimi nilikumbushwa. Wewe unaweza usikumbushwe.