Ugomvi Wetu wa Mibuni

Siku ya nne baada ya mume wangu kutolewa uvimbe kichwani, daktari aliniita kando ya mlango wa chumba cha wagonjwa mahututi. Dawa za usingizi walikuwa wamezisimamisha tangu juzi, alisema, na kwa uzoefu wao mgonjwa alipaswa awe ameanza kuitikia. Lakini akiambiwa afumbue macho, hafumbui. Akiambiwa abane kidole, habani. Watasubiri hadi kesho, kisha watamtoboa koo ili aendelee kupumua kwa mashine.

"Na kama hata baada ya hapo haitikii, mama, itabidi tukae tuongee."

Shemeji, kaka yake mkubwa, alikuwa ameteremka kutoka kijijini kwetu Uru asubuhi ile. Aliposikia hayo akavua kofia, akaanza kusema mambo ya mapenzi ya Mungu, na kwamba ukoo uanze kuambiwa. Nilimkatisha. Nilimwambia kama amekuja kuzika, arudi akawakatie ng'ombe wetu majani, maana wale wako hai na wana njaa. Mke hamwambii shemeji yake mkubwa maneno hayo, najua. Siku ile adabu ilinishinda.

Muuguzi alinivalisha gauni na barakoa, akanipa robo saa. "Ongea naye, mama. Huwa wanasikia."

Tatizo ni kwamba sisi si watu wa kuongea. Miaka ishirini na sita ya ndoa tumezungumzia ng'ombe, ada na mvua. Hata hivyo nilijaribu. Nilimwambia nampenda, nikaona aibu mbele ya muuguzi. Nikasali tendo moja la rozari. Nikampa salamu za watoto. Kifua kilipanda na kushuka kwa mashine, uso umevimba, kichwa kimefungwa bandeji, na mkono wake ulikuwa mzito ndani ya wangu. Niliogopa sana, kuliko nilivyomwonyesha shemeji.

Ndipo hasira ikanipanda, sijui ya nani. Nikaacha Kiswahili, nikamwinamia sikioni, nikasema kwa Kichagga, maana ugomvi wetu hatujawahi kuufanya kwa lugha nyingine.

"Haya, endelea kulala. Jumatatu naita vijana wang'oe mibuni yote. Napanda maparachichi."

Tuligombana juu ya jambo hilo miaka kumi. Mibuni ile aliipanda baba yake. Mimi ndiye naipalilia, mimi ndiye nachuma, na mimi ndiye naona majirani wanavyouza maparachichi. Kila nilipogusia alijibu hapana, akatoka nje.

"Miche nimeshaagiza," nikaongeza. Ulikuwa uongo mtupu. "Tunaanzia pale kwenye kaburi la baba yako."

Kidole gumba kikasogea. Nilidhani ni mimi ninayetetemeka. "Na ule mbuni mkubwa ndio wa kwanza," nikasema, na mkono wake ukanibana mpaka pete ikaniuma. Chini ya bandeji alikuwa amekunja ndita.

Nikapiga kelele. Muuguzi akaja, daktari akaja. Mkono ulikuwa umelegea tena.

"Baba, bana mkono wa mama," daktari akasema. Hakubana. Daktari akanitazama kwa huruma, na huruma ile ikaniudhi.

"Subiri, dokta." Nikainama tena. "Shoka limeshanolewa."

Akabana. Wote wawili waliona.

"Huenda ni mwili tu unajibana," daktari alisema, lakini sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mwambie aachie. Akiachia kwa kuambiwa, basi anatuelewa."

Nilivuta pumzi. Miaka kumi nilikuwa sijamwachia mume wangu ushindi katika ugomvi huu.

"Sing'oi," nikamwambia. "Hata mmoja. Sasa niachie."

Akaniachia, kidole kimoja baada ya kingine.

Nilikaa sakafuni na gauni lao, nikalia kwa sauti. Kule nje shemeji akanisikia, akadhani yamekwisha, naye akaangua kilio. Nikamwacha alie kidogo kabla ya kutoka kumwambia.