Jua Lililogeuka Yai

Mtaani wanamwita Mama Nakshi, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Mpe kitambaa kitupu asubuhi, jioni atakurudishia bustani. Kazi yake ni kutarizi: nembo za sare, majina kwenye mashuka ya maharusi, pindo za vitambaa vya meza. Anafanyia kazi katika chumba cha mbele, chenye dirisha linalotazama barabara. Upande huu mashine ya kutarizi, upande ule kompyuta, na katikati kiti cha kuzunguka kilichovunjika mkono mmoja. Anachora kwenye kompyuta, kompyuta inaipelekea mashine mchoro, mashine inashona. Kabla ya kuwasha chochote huinamisha kichwa na kusema, "Bwana, iongoze mikono hii," ndipo avae miwani.

Kompyuta yenyewe haikuwa kama za watu. Kila kompyuta ina mfumo endeshi, yaani ile programu mama inayoziamsha nyingine zote na kuzigawia kazi. Wengi wanatumia ile mifumo mikubwa inayojulikana. Wa Mama Nakshi ulikuwa mdogo, kazi ya watu wachache waliotawanyika huku na huko, wanaoutengeneza kwa mapenzi tu wakishamaliza shughuli zao. Kaka yake mdogo ndiye aliyemwekea kabla hajahamia mbali, pamoja na programu ya kuchorea tarizi isiyofunguka kwingine. Mama Nakshi aliuzoea mfumo ule kama mtu anavyolizoea jiko lake, gizani anajua chumvi iko wapi.

Basi siku moja skrini ikaanza kupiga mistari, kikasikika kiharufu cha kuungua, ikawa kiza. Kilichokufa kilikuwa kadi ya picha, kile kipande cha ndani kinachoipa skrini cha kuonyesha.

Mkwe wake, mume wa binti yake mkubwa, akasikia. Kijana huyu ni mpima ardhi, mpole, mkimya, na tangu aoe alikuwa akitafuta la kumfanyia mama mkwe wake likaonekana. Hakuuliza mara mbili. Akaja na kadi mpya ndani ya boksi linalong'aa, ina feni mbili, nzito kama tofali.

"Mama, hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote dukani," alisema, akiishika kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Akaifunga, akawasha. Skrini ikawaka. Mama Nakshi akapiga makofi, akamshukuru Mungu na mkwe, kwa mpangilio huo. Mpima ardhi akaaga, akaenda zake porini na vyombo vyake vya kupimia.

Keshoye ndipo Mama Nakshi alipoona mambo. Herufi zilikuwa nene, zimelala kama zimeshiba. Akisogeza mchoro, unasita, unaruka, unasita tena. Alifungua hiki akafunga kile, wapi. Jioni simu ikalia.

"Mama, shikamoo. Kadi inaendeleaje?"

"Marahaba, baba. Kadi? Inang'aa, wewe! Mungu akuzidishie."

Mumewe, tarishi mstaafu ambaye miguu imepumzika ila ulimi bado uko kazini, alikuwa kibarazani anakata kucha. Akachungulia dirishani. "Inang'aa kweli. Hata upara wangu unang'aa, lakini umewahi kuutarizia?"

"Nyamaza, baba watoto. Zawadi ya mkwe haitiwi kasoro. Atadhani hatumtaki."

"Haya. Mficha uchi hazai."

Kumwambia mkwe kwamba alicholeta hakifai, yeye alikuwa hajaliona hilo tangu azaliwe. Mama yake alikula mboga zilizoungua za mkwewe, mke wa kaka, mwaka mzima, akisema ni tamu. Akaamua atazoea. Macho yakimuuma, anayafumba kidogo, anaendelea.

Ndipo ikaja kazi ya shule ya watoto wadogo. Mwalimu mkuu, mama mmoja mnene mcheshi, alitaka nembo za sare mpya: jua la mviringo lenye miale na uso unaocheka. Mama Nakshi hachori duara kwa kubonyeza kitufe. Huchora kwa jicho, maana anasema duara la kitufe halina roho. Akachora jua, akaliona limelala, akalibana kidogo kidogo kutoka pembeni mpaka likakaa sawa, likamcheka naye akalicheka. Akatuma kwenye mashine.

Nembo zikatoka nyembamba ndefu.

Fundi wa tarizi akiona hivyo, wa kwanza kulaumiwa ni fremu, ile pete inayobana kitambaa. Ukikivuta mno, ukija kukifungua kinarudi na duara linaminyika. Mama Nakshi akalegeza, akashona tena. Likatoka vilevile. Akageuza kitambaa. Vilevile. Akaitazama mikono yake, akaifunga na kuifungua. Alikumbuka mama yake alivyoanza kumwaga chai umri huohuo. Akapeleka zile zilizokuwa na afadhali, akiomba njia nzima zipite.

Mwalimu mkuu akaishika moja, akaigeuza, akaisogeza mbali na macho. "Mama Nakshi, shoga yangu, jua letu limekuwa yai."

"Ni kitambaa, mwalimu, kilivutika."

"Kitambaa kiwe chochote, watoto wangu nao wana macho. Wataniuliza, mwalimu, kuku yuko wapi?" Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Nakupenda, unajua. Lakini shule inafunguliwa karibuni. Nishonee upya. Likitoka yai tena, mwenzangu, itanibidi niende kwa mwingine."

Mama Nakshi alirudi na mfuko wake kifuani. Aliketi kwenye kile kiti cha mkono mmoja, akaomba, hakuomba mengi, ila kwamba kama mikono imekwisha aambiwe mapema asije akawaharibia watu vitu vyao. Ukutani ilikuwapo nembo ya zamani ya kikundi cha wauguzi, aliyoishona enzi za kadi ile ya kwanza, duara safi kama sahani. Akainuka kuitazama. Kisha, pengine ndilo lilikuwa jibu lake, akaufungua kwenye kompyuta mchoro uleule wa nembo hiyo.

Skrini ikamletea yai. Yai limelala ubavu.

Akatazama ukutani, akatazama skrini. Ukutani duara, kwenye skrini yai, na mchoro ni mmoja. Basi skrini ilikuwa inatanua kila kitu, na yeye kila anapokibana kikae sawa machoni, kwenye kitambaa kinatoka chembamba. Mikono yake haikuwa na kosa.

"Baba watoto!" aliita. "Mikono yangu mizima!"

"Ilikuwa inaumwa?"

Alipomweleza, mzee aliacha mzaha, akamshika bega. "Sasa mwambie kijana. Mficha maradhi kilio humuumbua, nawe umeshaanza kulia."

Mpima ardhi alikuja Jumamosi, viatu vina vumbi, mkononi mkungu wa ndizi. Mama Nakshi alimwandalia chakula, akamngoja anywe maji, akapiga moyo konde.

"Baba, ile kadi. Ni nzuri, ila hapa kwangu haikubali. Tangu siku ya kwanza."

Akamwonyesha skrini na nembo. Kijana aliyashika yale majua membamba, akayageuza moja moja. Akatoka kibarazani, akasimama akiitazama barabara. Mama Nakshi alibaki ameshika ncha ya kanga yake, akijiambia, haya, nimeshamvunja moyo mtoto wa watu.

Aliporudi, sauti ilikuwa ya chini. "Mama, kadi si kitu. Lakini nimekupigia simu mara ngapi? Ningekuwa mwanao wa kuzaa, ungeniambia?"

Hakuna swali lililowahi kumkuta Mama Nakshi hana pa kujificha kama hilo. "Ungekuwa wa kuzaa," alisema, "ningekupigia kelele kabla hujafika getini."

"Basi nipigie kelele, mama. Mimi nimechoka kuwa mgeni."

Kijana aliketi palepale akawaandikia wale watengenezaji wa mfumo. Jumapili mmoja wao alijibu, kwa upole kabisa. Kadi hiyo ni mpya mno, alisema. Kila kadi ina lugha yake, na mfumo wao bado haujafundishwa lugha ya hii, kwa hiyo unabahatisha: unatoa picha ya umbo moja tu la zamani, nayo skrini pana inaivuta mpaka ijae. Wasitafute yenye nguvu. Watafute ya zamani, ya kizazi ambacho mfumo unakielewa.

"Kwa hiyo," mzee alisema, "tumemvalisha bibi kizee viatu vya mkimbiaji."

Safari hii kijana alicheka. Ofisini kwao kulikuwa na stoo ya kompyuta zilizostaafu. Akaomba ruhusa kwa mkubwa wake, akachomoa kadi ndogo yenye vumbi, haina hata feni, na wiki iliyofuata akaja nayo mfukoni mwa shati.

Akaifunga na kuwasha. Skrini ikawaka, na mchoro ukaanza kuteleza bila kusita. Kijana akamgeukia mama mkwe wake kwa macho yaleyale ya siku ya kwanza, yenye matumaini ya mtoto aliyeleta ripoti ya shule.

Mama Nakshi akafungua ile nembo ya wauguzi. Ilikuwa imelala bado, kidogo tu, mtu mwingine asingeona. Neno "inang'aa" lilimfika mdomoni, likagonga meno. Akalimeza.

"Bado yai!" alisema kwa sauti hata jirani akachungulia. "Wewe, hujamaliza! Inama hapo!"

"Naam, mama!" Kijana akarudi kwenye kibodi mbio, anacheka, akagundua hajauambia mfumo upana wa skrini yenyewe. Akachagua kipimo sahihi. Nembo ikajikusanya, ikawa duara.

Mama Nakshi hakupiga makofi. Alimsukuma kwa kiwiko, "Nipishe, nina majua ya watu," akaketi, akainamisha kichwa, akavaa miwani.