Nilisema Fedha Zimeshatoka

Kwa miaka tisa nilikuwa afisa elimu wa shule za msingi katika wilaya mojawapo inayopakana na ziwa. Ukiondoa kusaini makaratasi, kazi yangu kubwa ilikuwa kusimama mbele ya watu na kutoa taarifa: shule zitafunguliwa lini, walimu wapya wataripoti wapi, fedha za serikali zimefikia hatua gani. Kazi hiyo niliiweza. Nililelewa kwenye kwaya ya kanisa kule Mara, sauti ninayo, na nilijua kuwachekesha wazazi kabla ya kuwapa habari ngumu. Watu walikuwa wakisema, mama huyu akija, mkutano hauchoshi. Nilipenda kusikia hivyo. Nafikiri nilipenda kupita kiasi.

Kulikuwa na kitongoji kimoja cha wavuvi ambacho watoto wake walisoma mbali. Ili wafike shuleni ilibidi wavuke mto unaoingia ziwani, na masika mto huo ulikuwa haupitiki. Kwa hiyo wazazi waliwaweka wadogo nyumbani mpaka wapate miguu ya kutosha, na ungekuta mtoto wa miaka tisa ndiyo kwanza anaanza darasa la kwanza. Wazazi wakaamua kujenga shule shikizi, yaani vyumba viwili tu vya kuwashikilia wadogo karibu na kwao mpaka wakomae. Utaratibu ulikuwa unajulikana. Wananchi wanajenga msingi na kuta hadi kwenye lenta, ule mkanda wa juu ya madirisha, kisha serikali inaleta fedha za kupaua, kuezeka na kumalizia.

Aliyewaongoza alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, Mjita mmoja mrefu, mvuvi, aliyeishia darasa la saba. Kila Ijumaa alimwachia mwenzake mtumbwi na kwenda na watu mlimani kuchukua mawe. Wanawake walibeba kichwani, wanaume walileta mchanga kwa mitumbwi kutoka ng'ambo ya ghuba. Alijua nani ana mimba, nani anaumwa mgongo, nani amefiwa, na hao aliwaambia wakae. Nilipokwenda kukagua mara ya kwanza nilimkuta yeye mwenyewe yuko kwenye foleni ya mawe, fulana imelowa jasho, akaniwekea jiwe safi nikalie.

Asubuhi ya siku ile ninayotaka kuisema, niliitwa kwa mkurugenzi nikapewa barua. Ilikuwa fupi. Shule shikizi yetu haikuingia kwenye orodha ya maboma, yaani majengo yaliyoishia kuta, yatakayomaliziwa mwaka ule, tuombe tena mwaka unaofuata. Mkurugenzi akasema, "Angalia utakavyowaambia. Usije ukawavunja moyo." Hakuniambia nidanganye. Nimejaribu mara nyingi kumkumbuka akisema hivyo, lakini hakusema. Niliikunja barua, nikaiweka kwenye mkoba, nikapanda gari.

Mkutano ulifanyika mwaloni, pale mitumbwi inapopakulia samaki. Kuta zilikuwa zimefika usawa wa madirisha na watu walikuwa wamechoka. Nilitoa taarifa ya tarehe za kufunga na kufungua shule, nikaeleza habari ya chakula cha mchana kwa wanafunzi, nikawachekesha kidogo. Ndipo mama mmoja akasimama, mtoto mgongoni.

"Mama, mimi nataka kujua kitu kimoja tu," alisema. "Hera ipo ama haipo? Maana mahindi yanatungoja shambani, na mwenyekiti anatutaka kwenye mawe. Kama ipo, tutabeba. Kama haipo, utuambie."

Mkoba ulikuwa kwenye paja langu. Ningeweza kusema haipo, na lilikuwa neno jepesi tu. Lakini nilizitazama zile nyuso, nikamtazama mwenyekiti aliyesimama pembeni kofia mkononi, na nikaona kwamba nikisema haipo nitarudi kwenye gari bila mtu wa kunisindikiza.

"Fedha zimeshatoka," nilisema. "Ziko njiani. Ninyi malizeni kuta, bati zitawakuta."

Walipiga vigelegele. Yule mama alicheka, akampapasa mtoto mgongoni. Mwenyekiti akapanda juu ya mtumbwi uliogeuzwa ili aonekane. "Mmesikia wenyewe?" alisema. "Hayakutoka kinywani kwangu, yametoka kwa mwenye nayo." Kisha akaja akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Njiani kurudi nilijiambia kwamba sikudanganya, nimewahi tu. Nitaandika barua nyingine, nitampigia mtu wa mkoa, fedha zitapatikana, kwani mara ngapi zimepatikana dakika za mwisho? Niliandika kweli. Haikujibiwa.

Waliimaliza lenta katika wiki sita. Mahindi ya wengi yalinyeshewa shambani kabla hayajavunwa. Halafu wakaanza kungoja.

Mwenyekiti alikuja ofisini mara tatu. Mara ya kwanza nilimwambia bado kidogo. Mara ya pili nilimwambia katibu muhtasari aseme niko kwenye kikao. Nilimsikia nje kwenye benchi akikohoa na kuwasalimia wapita njia, akakaa mpaka saa saba mchana, mimi ndani nikiogopa hata kwenda msalani. Mara ya tatu tulikutana mlangoni.

"Mama, watu wananiuliza," alisema. "Mimi niwajibu nini?"

"Waambie wavumilie."

"Nimeshawaambia hilo."

"Waambie tena, mwenyekiti."

Akainamisha kichwa, akaenda zake. Nauli ya kuja na kurudi alijilipia mwenyewe mara zote tatu.

Mwezi wa kumi na moja mwalimu mkuu wa shule mama, ile ya ng'ambo ya mto, alinipigia simu. "Madam, kule kitongojini kumechafuka," alisema. "Wamemtoa mwenyekiti. Wanasema wewe ulisema hela imetoka. Sasa kama imetoka na hapa haipo, aliyekula ni nani? Na juzijuzi amenunua injini ya mtumbwi. Wanasema injini hiyo ndiyo bati zetu."

Nilijua injini ile ilitoka wapi. Alinihadithia mwenyewe siku ya mawe kwamba ana ng'ombe wanaolelewa kwa shemeji yake, na wakishakua atawauza apate injini. Nilijua, na simu ilikuwa mkononi. Ingetosha kusema, mwalimu, waambie hapakuwa na fedha, mimi ndiye niliyekosea. Nilichosema ni hiki: "Nitalifuatilia." Mwalimu mkuu akanishukuru.

Sikulifuatilia. Januari shule zilifunguliwa, nikazunguka kata zote kutoa taarifa za mwaka mpya, isipokuwa kule. Nilimtuma msaidizi wangu. Habari zilinifikia vipande vipande. Watu hawakutaka kupanda mtumbwi wake. Wanawake walimtoa mke wake kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa. Akipita mwaloni walimzomea. Mwishowe nikasikia ameuza ile injini, amehamia mjini Mwanza na familia yake. Nakiri kwamba niliposikia amehama nilipata nafuu. Nilifikiri basi, imekwisha.

Mwezi wa sita nilikwenda Igogo, pale Mwanza, kununua dagaa wa kupeleka kwenye harusi ya mpwa wangu. Kwenye ghala moja karibu na ziwa kulikuwa na wanaume wanashusha magunia kutoka kwenye lori. Mmoja alitua gunia, akajifuta uso, akanitazama. Alikuwa amekonda, na ndevu zilikuwa zimeingia mvi. Nilitaka kugeuka, lakini alikuwa ameshaniona.

"Mama afisa," alisema. "Habari za siku nyingi?"

"Nzuri, mwenyekiti."

Alitabasamu kidogo kwa lile neno. Kisha akauliza, na swali lake ndilo lililonimaliza: "Bati zimefika?"

Hakuuliza kwa kejeli. Alitaka kujua kweli kama watoto wana paa. Nilijibu hazijafika, na baada ya hapo nikashindwa kujizuia. Nilimwambia yote palepale nimesimama, wenzake wakipita na magunia. Nilimwambia hapakuwahi kuwa na fedha, na kwamba nilijua.

Alikaa juu ya gunia. "Siku ile ya mkutano barua ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Wapi?"

"Kwenye mkoba."

Nilianza kusema naomba unisamehe, akaniinulia mkono ninyamaze.

"Mimi usinieleze," alisema. "Mimi nilijua sijala. Lakini mke wangu, mama, tumeishi naye miaka yote hii, ilifika siku na yeye akaniuliza. Aliniambia, baba, niambie mimi peke yangu, sitamwambia mtu." Alitazama viganja vyake. "Sasa wewe unataka nikusamehe hapa kwenye magunia, uende zako nyumbani? Nenda kawaambie wale. Wakusikie kama walivyokusikia siku ile."

Ilinichukua wiki tatu kwenda. Nilimweleza mkurugenzi, akashauri niandike maelezo yasomwe na mtendaji wa kijiji. Nilikaribia kukubali. Nilianza hata kuyaandika, nikaona maneno yenyewe yanakimbia: "kulikuwa na mkanganyiko wa taarifa". Nikayachana.

Mkutano ulifanyika ndani ya lile boma. Nyasi zilikuwa zimeota sakafuni, na mvua ilikuwa imelegeza mawe ya juu upande wa ziwani, kwa hiyo tuliambiwa tusiegemee ukuta huo. Sikuchekesha mtu. Nilisema siku ile fedha hazikuwa zimetoka. Nilisema nilikuwa na barua na niliificha. Nilisema mwenyekiti hakupokea hata shilingi, injini aliinunua kwa ng'ombe wake, na nilipoambiwa mnamwita mwizi nilikaa kimya kwa kuogopa aibu yangu.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Hapakuwa na kelele. Yule mama wa siku ile alikuwepo, mtoto wake sasa anatembea, anachezea kokoto miguuni pake.

"Kwa hiyo," alisema polepole, "ungetuambia tu haipo, sisi tungevuna kwanza. Kuta tungezimalizia baadaye."

"Ndiyo," nilisema.

"Tungengoja tu."

"Ndiyo, mama."

Akatikisa kichwa, akakaa chini. Katika yote niliyoambiwa hakuna lililoniuma kama hilo, maana lilikuwa rahisi mno. Miezi yote ile nilikuwa nimejidanganya kwamba nilisema uongo ili nisiwavunje moyo. Kumbe moyo wao haukuwa dhaifu kiasi hicho. Dhaifu nilikuwa mimi.

Mzee mmoja aliyekuwa nyuma akasema, kama anajisemea mwenyewe, "Tulimzomea yule mtu." Watu walianza kutazamana, kisha wakaacha kutazamana. Nikaona kwamba hata kuungama kwangu kumewaachia mzigo. Nilikuja kuwaondolea shaka, nikawaachia aibu ambayo mimi ndiye niliyeitengeneza.

Kabla sijaondoka walichagua watu watatu waende Igogo kumwomba arudi. Walikwenda. Nilisimuliwa baadaye kwamba aliwapokea vizuri, akawanunulia soda, akawasikiliza mpaka mwisho. Akawaambia amewasamehe lakini kurudi hawezi. "Nikimwona mtu anacheka mwaloni," alisema, "nitafikiri ananicheka mimi."

Mimi nilipewa barua ya onyo, nami sikuikatia rufaa. Mwaka uliofuata jina la shule yetu liliingia kwenye orodha. Fedha zilipofika niliwapelekea mwenyewe nakala ya barua, nikaibandika kwenye ubao wa matangazo kila mtu aisome, na mwalimu akawasomea wasiojua kusoma. Vyumba vikapauliwa, wadogo wakaanza masomo. Siku ya ufunguzi niliombwa niseme maneno mawili. Nilisema siku ya kufungua shule na saa ya kuripoti, nikarudi kwenye kiti.

Sasa nimestaafu, ninaishi Kiseke, hapa Mwanza. Nikienda Igogo huwa napitia pale ghalani. Yeye siku hizi ni msimamizi wa wapakuaji, na tunasalimiana vizuri, ananiuliza habari za watoto wa kule kana kwamba mimi ndiye mwenyeji wao. Namjibu kwa ninachokijua, na nisichokijua nasema sikijui.

Lakini mke wake hanisalimii. Anakaanga samaki mbele ya lile ghala, na anaponiona nakuja huinama kwenye moto, akaanza kuzipanga kuni ambazo tayari zimepangika. Mara moja nilisimama mbele yake nikasema, "Mama, pole na kazi." Alijibu, "Asante," bila kuinua uso, akaendelea kugeuza samaki. Mume wake alikuja akasimama karibu yake na kumwekea mkono begani, naye akauacha mkono ule pale. Nilinunua samaki wawili nikaondoka. Mume amenisamehe, alishaniambia. Mkewe siwezi kumwomba, kwa sababu sijui ningeanzia wapi kumwomba radhi mwanamke niliyemfanya amuulize mumewe swali lile.