Nilichosema Redioni

Nimevunjika mara mbili katika kazi ya kuruka kwa mwavuli kutoka kwenye ndege, na mara zote mbili mwavuli wangu ulikuwa umefunguka vizuri. Watu hawaniamini nikisema hivyo. Wanadhani mrukaji huumia pale mwavuli unapogoma akaja chini kama gunia. Hilo hutokea, lakini mimi, tangu nilipofundishwa jeshini hadi niliporudi uraiani, sikuwahi kuliona. Nilichokiona mara nyingi ni mtu anayeteremka salama, mwavuli mzima juu ya kichwa chake, halafu anaumia katika mita chache za mwisho.

Niliona bega likichomoka kwa sababu mwenye bega alitanguliza mkono kujikinga. Niliona mtu akitema damu, amejing'ata ulimi kwa kuwa alikuwa anapiga kelele za furaha wakati nyayo zinagusa ardhi. Mimi mwenyewe niliachanisha miguu. Mguu mmoja ukatua kwenye shimo, mwingine kwenye nyasi kavu, na kifundo cha mguu wa kushoto kikavunjika vipande. Mpaka leo mvua ikikaribia huku kwetu Mbwawa, najua kabla ya majirani.

Nilipotoka jeshini nililima mihogo na kufuga kuku, nikadhani basi, nimemalizana na anga. Kisha rubani mmoja mstaafu akanitafuta. Alikuwa na ndege ndogo na kikundi cha watu waliotaka kujifunza kuruka, na alikuwa amekodi eneo la wazi kule Gwata, shamba la zamani lililoachwa, lenye kiwanja cha udongo mwekundu. Alitaka mwalimu wa kuwafundisha namna ya kutua. Nikakubali siku ileile.

Nilikuwa mwalimu mkali. Kabla mtu hajaikaribia ndege, alikaa nami wiki nzima akianguka. Nilijenga jukwaa la mbao la urefu wa kiuno, mbele yake nikamwaga mchanga, nikawaambia: magoti pamoja, vifundo pamoja, kidevu kifuani. Ukigusa chini usisimame kishujaa. Jiachie uanguke kwa ubavu, nyayo, kisha pembeni ya goti, paja, kiuno, bega, ili pigo ligawanyike mwili mzima lisibaki kwenye mfupa mmoja. Walianguka mpaka mchanga ukaingia kwenye chakula chao.

Nilikuwa na sheria moja niliyoirudia kuliko zote. Chini ya urefu wa minazi miwili, hakuna kona. Mwavuli tuliotumia una vishikio viwili, cha kulia na cha kushoto. Ukivuta kimoja kwa nguvu, mwavuli unainama upande huo na kupiga mbizi, nawe unabembea nje kama ndoo kwenye kamba. Ukiwa juu, mwavuli unajiweka sawa wenyewe baada ya muda mfupi. Ukiwa chini, ardhi inafika kwanza.

"Ukiona kichuguu mbele yako, kiendee," niliwaambia. "Ukiona mbuzi, mwendee. Vuta vishikio vyote viwili pamoja, bana miguu, mgonge huyo mbuzi. Utachubuka. Ukikata kona kumkwepa, utavunjika."

Wote walicheka. Mmoja tu aliandika.

Huyo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kutoka Kisarawe, mwanamke wa miaka kama thelathini, mwembamba, mwenye sauti ya chini ambayo hata hivyo ilisikika mpaka mwisho wa uwanja. Alikuwa amewaona warukaji kwenye sherehe moja akiwa mtoto, na hakuwahi kuacha kuwafikiria. Hakuwa na mbwembwe. Wengine walijipiga picha na kofia ngumu vichwani. Yeye alikagua mikanda yake, akakagua ya mwenzake, kisha akarudia yake. Aliniita Kocha. Mimi nilimwita Mwalimu, na lilikuwa jina la heshima, si utani.

Mama yake alikuwa mjane, mama mzee wa Kiislamu aliyekuwa na shamba la mikorosho chini ya kilima. Kabla binti yake hajaruka mara ya kwanza, aliomba kuniona. Nikapanda Kisarawe. Alinikaribisha barazani, akanipa chai ya tangawizi, akaniangalia nilivyokuwa nikiinuka kwenye kiti kwa kuegemea mguu mmoja.

"Na huo mguu?"

"Niliumia kwenye kuruka, mama. Lilikuwa kosa langu."

"Basi unajua unachomfundisha," akasema.

Mwalimu aliruka mara nane bila mkwaruzo. Mwanafunzi anayeanza hufungwa redio ndogo kwenye kofia, na mwalimu anabaki chini na redio nyingine mkononi, anamwelekeza. Yeye hakuhitaji maelekezo mengi. Kwenye mruko wa saba na wa nane sikumwambia chochote zaidi ya "vema" na "vuta vyote viwili sasa."

Mruko wa tisa ulikuwa Jumamosi asubuhi, wakati wa kiangazi. Upepo ulikuwa wa kawaida. Nilisimama katikati ya uwanja, kitambaa cha kuonyesha upepo kikiwa nyuma yangu, nikamwona akitoka kwenye ndege, mwavuli ukafunguka, mstatili wa bluu na nyeupe. Akazunguka taratibu kama nilivyomfundisha, akaupa upepo uso, akaanza kuteremka kuja kwangu. Kila kitu kilikuwa sawa.

Ndipo ng'ombe wakatokea. Wafugaji walikuwa wakipita upande wa pili wa shamba siku zote, na tulikuwa na makubaliano nao, lakini siku hiyo kundi liliikimbia sauti ya ndege, likakatiza uwanja. Sikuwaona mapema kwa kuwa nilikuwa naangalia juu. Nilipowaona, walikuwa kwenye njia yake, migongo ishirini au zaidi imebanana, na yeye alikuwa chini kabisa. Chini ya minazi miwili. Chini ya mnazi mmoja, nadhani.

Yeye aliwaona pia. Nimelitafakari hili kwa miaka na nina hakika. Niliona mikono yake yote miwili ikiwa sawa, juu, inasubiri. Niliona miguu yake ikibana. Alikuwa anajiandaa kuwagonga.

Nikabonyeza redio nikapiga kelele, "Kulia! Kulia!"

Akavuta kulia.

Mwavuli uliinama, na mwili wake ukabembea nje kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona kwa mwanafunzi. Alipiga ardhi kwa nyonga na mgongo, mbali kidogo na ng'ombe wa mwisho. Kishindo chake kilikuwa kama cha gogo linaloangushwa kutoka kwenye lori. Mwavuli ulimfunika nusu, ukajaa upepo, ukaanza kumburuta. Nikakimbia kwa mguu wangu mbovu, nikaulalia.

Macho yake yalikuwa wazi.

"Kocha, sijabana miguu," akasema. "Siisikii kama imebana."

"Imebana, Mwalimu. Usijitikise."

Hatukumvua kofia. Rubani alipotua, yeye na wanafunzi wawili walileta ubao wa jukwaa langu lilelile la mazoezi, tukaupitisha chini yake kwa pamoja, tukamfunga kwa kanga na mikanda ya miavuli. Mimi nilishika kichwa chake. Nilikishika kutoka uwanjani, kwenye ile barabara ya vumbi yenye mashimo, mpaka tulipoikuta lami na baadaye hospitali, nimepiga magoti nyuma ya pikapu. Hakulia. Kila mara gari liliporuka aliuma meno na kuniuliza kama mbele kuna shimo jingine, na mimi nikamwambia hakuna.

Nyonga ilivunjika, paja la kulia lilivunjika, na pingili moja ya uti wa mgongo ilisagika. Mifupa ile mingine iliunga. Uti haukuunga.

Mama yake alifika jioni, amevaa baibui, ameshika mfuko wa nguo za binti yake. Hakupiga kelele. Alinikuta kwenye benchi la nje, nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Imekuwaje?"

"Upepo," nikasema. "Upepo uligeuka, na ng'ombe waliingia uwanjani."

Ng'ombe walikuwa kweli. Upepo haukugeuka. Siku mbili baadaye nikaandika maneno yaleyale kwenye daftari la kikundi, nikasaini. Rubani hakuuliza, alikuwa angani wakati ule, wanafunzi walikuwa mbali ukingoni mwa uwanja, na redio yangu ilisikika kwenye kofia moja tu.

Nilikwenda kumwona Mwalimu kila wiki, kwanza wodini, baadaye nyumbani kwao Kisarawe. Niliona mambo ambayo hakuna mwalimu wa kuruka anayewaeleza wanafunzi. Mpira wa mkojo na homa zinazokuja nao. Kidonda cha kulalia kilichoanza kama doa jekundu juu ya kitako, na baada ya majuma machache kikawa kinaingia ngumi. Mama yake alikisafisha mara mbili kwa siku, na kila baada ya saa mbili ilibidi binti ageuzwe upande. Yule mama alikuwa na miaka sitini na kitu na mwili mdogo. Nilimkuta mara moja amekaa sakafuni kando ya kitanda, amepumzisha paji la uso kwenye godoro, na nilidhani anaswali. Alikuwa amelala.

Mwalimu hakuwahi kuutaja ule upepo. Wanafunzi wake walimletea madaftari, alisahihisha akiwa amelala kwa tumbo, na mimi nilikaa pembeni nikimchongea penseli. Tulizungumza habari za shule, habari za kuku wangu. Miezi minane ilipita hivyo. Kila niliporudi Mbwawa nilijiambia wiki ijayo nitasema.

Siku moja mama akiwa shambani, Mwalimu aliweka kalamu chini.

"Kocha, wamemwambia mama kuwa ni upepo."

"Ndiyo."

"Nilikusikia, ujue. Ile redio ilikuwa sikioni mwangu."

Sikuweza kumtazama. Nilitazama yale maganda ya penseli kwenye viganja vyangu.

"Nilikuwa nimeshaamua kuwagonga," akasema. "Nilikuwa nimebana. Halafu nikakusikia, nikafikiri, Kocha anaona kitu nisichokiona mimi. Nikakutii."

"Sikuwa nimeona kitu, Mwalimu. Niliogopa tu."

Akauliza, kwa sauti ileile ya darasani, "Kwa nini umeniacha nilitunze hilo peke yangu?"

Nilimwambia nitamweleza mama yake, na akasema hanizuii wala hanitumi.

Nilimsubiri mama barazani. Alipopanda kutoka shambani na kikapu cha korosho kichwani, nilimpokea, nikamwomba akae. Nikamweleza yote kwa mfuatano: minazi miwili, ng'ombe, mikono ya binti yake iliyokuwa sawa, neno nililolisema, uongo wa pale kwenye benchi, na ule wa daftarini. Alinisikiliza akiwa anaondoa majani kwenye korosho. Nilipomaliza, aliendelea kuyaondoa.

"Yeye anajua?"

"Alijua tangu siku ile, mama."

Hapo ndipo mikono yake iliposimama. "Miezi yote hii mnanitazama usoni, wote wawili." Akainuka. "Nenda kwako, baba. Usirudi hapa."

Niliondoka. Kesho yake nilikwenda Gwata, nikafuta neno upepo kwenye daftari, nikaandika lililotokea, nikamsomea rubani. Akasema kila mwalimu angeweza kupiga kelele ile. Labda. Nilimjibu kuwa kila mwalimu hakupiga, nilipiga mimi. Sikufundisha tena. Kikundi kiliendelea bila mimi miezi michache, kikavunjika.

Karibu mwaka mzima sikupanda Kisarawe. Mwalimu alinipigia simu mara mojamoja. Ndiye aliyenieleza kuwa kidonda kilikuwa kimefika mfupani, kuwa alilazwa, kuwa karibu wampoteze kwa homa, kuwa amerudi nyumbani. Siku moja simu ilikuwa ya mama yake. Hakusalimia wala kungoja nisalimie. Alisema mgongo wake yeye mwenyewe umekataa, hawezi tena kumgeuza binti, na watoto wa ndugu zake wote wako mbali.

Nilifika kabla ya adhuhuri. Alinifungulia mlango akiwa ameshika kiuno, amekuwa mdogo zaidi kuliko nilivyomwacha.

"Sijakuita kwa sababu nimekusamehe," akasema. "Ingia. Mimi nashika mabega, wewe shika miguu."

Tangu hapo naenda siku tatu kwa wiki. Mwalimu yuko hai. Anakaa kwenye kitimwendo kwa muda wa saa moja asubuhi na saa moja nyingine alasiri, zaidi ya hapo kidonda kinafunguka. Hajarudi darasani, na madaktari wameacha kumtajia lini. Siku nyingine ananiongelesha vizuri, siku nyingine anageukia ukutani nikiingia, na siku hizo namgeuza bila neno, namwekea mto kati ya magoti, nakwenda kukaa jikoni na mama yake, ambaye hunipa chai na hanisemeshi.

Miguu ya Mwalimu haina uzito mikononi mwangu. Nilidhani ningeizoea.