Hapana Iliyopotea Njiani

"Kuanzia leo, mtu akikohoa soko la Koboko, wa kule kilimani atamwambia pole kabla hajafunga mdomo!"

Natale aliyasema hayo mbele ya umati, siku honi mbili za matangazo, vile vipaza sauti vikubwa, zilipozinduliwa, na watu wakapiga makofi. Mdomo ule waliuamini. Baba yake alikuwa sajenti wa gwaride. Mtoto alirithi koo, bunduki akaikataa. Miaka nenda miaka rudi alizunguka na baiskeli na megafoni, akitangaza chanjo, mbuzi waliopotea na vifo. Alisimama kila njia panda, akasema, akangoja aulizwe, akarudia. Taratibu, ndiyo, lakini hakuna aliyeliliwa kimakosa.

Ndipo akaja Injinia Enoch kutoka Arua, na shati la mikono mirefu na maneno marefu zaidi. Honi moja sokoni, nyingine kilimani, mita mia tatu hivi, katikati waya wa faiba, unaobeba sauti kwa mwanga. "Mwanga, jamani! Kufumba na kufumbua, sauti iko kote!" Baiskeli ikaning'inizwa ukutani.

Agnes Keji, mjane wa kilimani, alikuwa amelazwa hospitali Arua kwa upasuaji. Uvumi ukavuma kwamba amefariki, na mpwa wake Moris, ambaye hajawahi kukimbilia kitu isipokuwa nyama, akaanza kumtazama maksai wa shangazi kwa jicho la matanga. Agnes akampigia Natale simu.

"Natale, mwanangu, ambia hao watu mimi hapana kufa. Ng'ombe yangu wasiguse. Mvua iko karibu, nitalima na nini?"

Natale akakimbilia maikrofoni, akasema kwa Kiswahili chetu, kile tulichoachiwa na kambi za jeshi: "Agnes Keji hapana kufa!"

Mwanga ulifika honi zote mbili papo hapo. Hapo Enoch hakudanganya. Lakini ikishatoka kwenye honi, sauti hutembea kwa miguu yake, na mita mia tatu huichukua karibu sekunde nzima. Kwa hiyo honi ya kilimani iliposema "hapana", "Keji" ya sokoni ndiyo kwanza inaingia, ikaikalia kichwani; na "hapana" ya sokoni ilipofika, ikakaliwa na "kufa" ya kilimani. Uani kwa Agnes ikasikika: "Agnes Keji... Keji... kufa! Kufa!" Wenzetu wanaosema "hajafa" wameificha hapana yao ndani ya neno. Yetu hutembea peke yake barabarani kama kuku, na siku ile iligongwa.

Natale alipopata habari na kufika kilimani, maksai alikuwa sufuriani.

Agnes aliporudi, alikuta nira imelala chini.

"Natale, uliniua na honi."

"Mama, mimi nilisema hapana!"

"Iko wapi? Toa mfukoni nione."

Kwenye kikao cha kamati ya honi Natale alisimama. "Injinia, mwanga ulibeba neno mpaka mlangoni. Kutoka mlangoni mpaka sikioni, lilipanda nini?"

"Hapo ni hewa," Enoch akajibu, kana kwamba hewa ni ya Natale.

Kamati ikaamua kwamba kosa ni matamshi ya mtangazaji, na dawa ni honi ya tatu. Fungu la pesa za honi lilikuwepo. La ng'ombe, wakasema, halipo.

Natale ameishusha baiskeli ukutani. Mvua imeshanyesha, na Agnes Keji, na kidonda chake cha upasuaji, analima kwa jembe la mkono. Maksai aliyezoea plau, hapa Koboko, ni shilingi milioni moja na laki mbili, na hakuna aliyezitoa.