Nyama Niliyompa Mbwa

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na mama yako akisikia nikisema hivyo, shauri yake. Ni Jumamosi ambayo fahali wangu, Radi, alimshinda fahali wa ndugu yangu Shikuku katika uwanja mmoja wa kupiganisha mafahali huku kwetu karibu na Mukumu.

Mafahali hao walizaliwa na ng'ombe mmoja wa baba. Kwa hiyo, tuliagana mbele ya nyanya yetu kwamba hakuna atakayenoa pembe. Wasukumane, mmoja akishindwa akimbie, sisi turudi nyumbani tule obusuma, ugali wetu. Wa Shikuku alikuwa wa kulima, ndiye aliyevuta plau yake. Wangu alikuwa wa sifa tu, na wee, mimi nilipenda sifa! Asubuhi hiyo, kabla ngoma za isukuti hazijaanza, nilichukua kipande cha chupa nikazinoa pembe za Radi, kisha nikazipaka matope zisionekane.

Pambano halikuchukua muda. Radi alimtoboa mwenzake ubavuni, ikabidi achinjwe pale pale. Mimi nilibebwa juu juu mpaka sokoni, watu wakipunga matawi na kuliimba jina langu. Sitakudanganya, mwanangu, ilikuwa tamu. Ilidumu mpaka jioni, Shikuku alipokuja kwangu mwenyewe na kipande cha nyama kwenye jani la mgomba.

"Hongera," akasema. "Hii ni yako."

Alipoondoka nilimpa mbwa. Ningeila vipi?

Wiki ile watu waliniita bingwa kila nilipopita. Nilizoea kupitia njia ndefu ili niitwe tena, maana utamu wa neno lile ulikuwa unaisha upesi. Jumamosi iliyofuata akashinda fahali wa mtu mwingine, na mabega yale yale yaliyonibeba yakambeba mtu huyo. Sikuwakasirikia. Niliona tu kwamba kumbe hawakuwa wakinibeba mimi, walitaka mtu wa kubeba.

Nyanya yetu alikuwa mtu wa kanisa, tena hakuwa na simile. Siku moja nilikuwa nimekaa kando ya ukuta wa nyumba yake, yeye akichambua maharagwe.

"Wewe, mbona siku hizi huimbangi kanisani? Unasimama tu na kitabu."

Nikamweleza yote, chupa na matope. Hakushtuka. Aliendelea na maharagwe yake.

"Sasa unaniambia mimi kwa nini? Mimi nilikuwa na fahali?"

"Nimeshamwomba Mungu msamaha, nyanya."

"Umemwendea Mungu kwa sababu unajua hatakuzaba kofi. Yesu hakufa msalabani ili wewe ujifiche nyuma yake. Nenda kwa Shikuku."

Nilikwenda. Nilikuwa na ndugu huyo mmoja tu, na niliamini kwamba nikishafungua mdomo sitakuwa naye tena. Nilimkuta shambani akilima kwa jembe la mkono, yeye na mkewe, shamba ambalo fahali angelimaliza kwa siku mbili. Nikasema. Shikuku hakuinua kichwa. Alilima mpaka mwisho wa mstari, akageuka.

"Nilijua," akasema. "Tulipokuwa tunamchinja wangu niliitazama pembe ya Radi. Matope yalikuwa yametoka."

"Ulijua, na bado ukaniletea nyama?"

"Ndiyo maana nilikuletea. Nilikaa nikaona nisipokusamehe siku ile ile, sitaweza tena. Ilikuwa tamu?"

Ee Mungu wangu. Nilimwambia kwamba nilimpa mbwa. Akacheka, akacheka mpaka akaegemea jembe, na mimi nikalia kama mtoto. Msamaha wangu ulikuwa umeletwa mpaka mlangoni, bado una joto, na mimi nilikuwa nimeutupa nikaendelea kujitesa wiki mbili.

Hapo ndipo nilipoelewa habari niliyoisikia kanisani tangu utotoni, kwamba Kristo alitukomboa tukiwa bado wakosaji. Nilichukua jembe la shemeji nikalima mstari uliofuata, na moyo wangu ulikuwa mwepesi kiasi kwamba nilianza kuimba, mimi na sauti yangu hii mbaya. Hakuna aliyepiga ngoma. Kesho yake nilimpeleka Radi afungwe kwenye plau ya Shikuku, na hakurudi uwanjani tena. Furaha ya siku ile bado ninayo. Shikuku tumemzika, nami nimezeeka, lakini nikiikumbuka naimba.

Siku hizi mafahali bado wanapigana, na ninyi mnawapiga picha kwa simu. Nendeni, sikatazi. Ila ninachokuambia, mwanangu, ni hiki: watu wakikubeba, furahi, halafu ujue watakushusha. Usiiweke roho yako mabegani mwao. Furaha ya kukombolewa haikungoji ushinde. Huanza pale unapokubali kwamba ulikosa, na kwamba uliyemkosea alikuja kwako kwanza. Na kama kuna pembe uliyoipaka matope, nenda kaseme leo.

Mungu akutunze, mwanangu, akupe watoto na mvua kwa wakati wake. Na Yesu akikuletea msamaha mlangoni, akupe moyo wa kukaa chini, uule wote.