Picha ya Kichwa cha Kozue

Chizuru Anzai alikuwa haambiliki hasemezeki. Tangu kinu cha nyuklia kilipolipuka kule pwani mwezi wa tatu, kwa kuogopa mionzi, nguo zake zilikauka ndani, maji ya kunywa yalitoka dukani, na bintiye Kozue, mwenye miaka saba, hakugusa udongo. Mama mkwe wake, Kiyo, akileta mboga za bustanini, aliishia mlangoni nazo. Watu wa mji wao wa Date walimcheka. Wacheke! Mtoto alikuwa wake.

Siku moja ya Novemba Kozue akaanguka kutoka kwenye vyuma vya mazoezi ukumbini shuleni, akapiga kisogo sakafuni. Hospitalini akatapika, akatapika tena. Daktari Munakata akataka apigwe picha ya kichwa kwa mashine ya CT scan.

"Hiyo si ya mionzi?" Chizuru akauliza.

"Ni ya mionzi, mama Kozue. Lakini kidogo."

"Kidogo! Neno hilo tumelishwa tangu Machi. Sitaki."

Daktari akasema basi, tumwangalie kwanza. Kiyo, aliyekaa kwenye benchi, akashindwa kuvumilia.

"Unamficha mtoto asipigwe na upepo, halafu umzike kwa damu ya kichwani?"

"Mama, tafadhali."

"Tafadhali ya nini? Hebu mtazame!"

Kozue alikuwa anasinzia. Chizuru akamwinamia. "Mwanangu, mwalimu wako anaitwa nani?" Mtoto akafumbua macho, akamtazama mama yake kama mtu asiyemjua, akayafumba.

Loo! Chizuru akamgeukia daktari. "Mpigeni," akasema. "Mpigeni haraka, jamani!"

Wakamvika Chizuru aproni nzito ya kuzuia mionzi, akasimama kando ya mashine ameshika mguu wa mwanawe, macho kayafumba, sijui ndiyo kinga gani.

Daktari akarudi anatabasamu. Hakuna damu. Ubongo ulitikisika tu, alale hapa leo, kesho aende nyumbani. Kiyo akaangua kilio. Chizuru akainama kushukuru, akainama tena, kisha akauliza, "Amepata kiasi gani?"

"Haina haja, mama Kozue."

"Niambie."

Akamwambia. Watoto wote wa mji walivaa kipima mionzi shingoni, na Chizuru aliyajua kwa moyo majibu ya kile cha Kozue. Picha hii moja ilizidi jumla ya yote kilichoyapima tangu kiangazi. Alitaka kufurahi, akashindwa. Alitaka kulia, akaona aibu mbele ya mkwewe. Na hasira ilimjaa, ila hakuona wa kumtupia.

Kesho yake mchana wakaruhusiwa. Kufika mlango wa hospitali, Kozue akafanya alichofundishwa na mama yake kila anapotoka nje: akavuta pumzi, akaibana, akajiandaa kukimbilia gari. Chizuru akamkamata mkono.

"Daktari kakataza kukimbia. Tembea."

Kozue akatembea, mashavu yamevimba, uso unaanza kuiva. Gari lilikuwa mwisho kabisa wa uwanja wa kuegesha.

"Pumua, mwanangu."

Mtoto akatikisa kichwa.

"Kozue, nakuomba. Pumua."